Kuganda Kuna Saa Yake: Mhadhara kwa Wenye Kompyuta za Nyumbani Buyenzi

Mmenipa mada ndogo. Mada kubwa zina wasemaji wengi; hii ya leo ina wagonjwa wengi na wasemaji wachache. Tunazungumzia kompyuta ya nyumbani inayoganda. Picha inakaa palepale, mshale hausogei, ukibonyeza hakuna jibu. Unaizima kwa nguvu, unaiwasha, inafanya kazi kama vile hakuna kilichotokea. Leo inaganda mara tatu, kesho haigandi kabisa, keshokutwa inaganda mtoto akiwa amebakiza ukurasa mmoja wa kazi ya shule.

Yote nitakayoyasema yanashikwa na neno moja, na nalitanguliza ili anayewahi soko la Ruvumera aondoke nalo: kompyuta haigandi ovyo. Tunasema ovyo kwa kuwa hatukuandika. Kila kuganda kuna saa yake, kuna kazi iliyokuwa ikifanyika, kuna joto la chumba na hali ya umeme ya wakati ule. Mwenye kuyaandika hayo kwa wiki mbili amekwisha kufanya nusu ya kazi ya fundi bila kutoa hata faranga moja. Mwenye kununua kifaa kipya kabla ya kuandika anacheza bahati nasibu. Wafanyabiashara wa mtaa huu mnaijua methali: mali bila daftari hupotea bila habari. Kompyuta nayo ni mali.

Maswali ya gereji

Kaeni kidogo kwenye duka lolote la kutengeneza kompyuta, mtasikia mazungumzo kama haya.

"Mwanangu, mashine inabloka."

"Pole, mama. Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Inabloka ukifanya nini?"

"Nikifanya kazi."

"Kazi gani, mama?"

"Kazi zangu. Inabloka ovyo ovyo. Wewe itengeneze tu."

Kijana wa watu atafanya nini? Ataiwasha, na kwa kuwa mashine ina adabu mbele ya wageni, haitaganda. Atafuta programu zote na kuziweka upya, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi anayoweza kuilipisha, kisha atairudisha. Siku ya tatu imeganda tena, na sasa mama anasema fundi ni mwizi, na fundi anasema mama hajui kutumia mashine. Wote wawili wamedhulumiwa na kitu kimoja: hapakuwa na ushahidi.

Sasa vukeni barabara mwende kwa mafundi wa magari, ambao Buyenzi inasifika kwao mji mzima wa Bujumbura. Mpelekee fundi mzee Toyota inayozimika yenyewe. Hatashika spana kwanza. Atauliza: inazimika ikiwa baridi au imeshapata moto? Ukiwa tambarare au ukipanda mlima wa kwenda Bugarama? Taa zikiwa zimewashwa? Tangi likiwa limejaa au likikaribia kuisha? Kila jibu linafunga mlango mmoja na kufungua mwingine. Anajua kwamba ugonjwa unaokuja na kuondoka haukamatwi kwa kufungua boneti. Unakamatwa kwa kujua unakuja lini. Kinachotakiwa ni kuhamisha maswali ya gereji kuyaleta sebuleni, kwenye meza ya kompyuta.

Je, kuna bahati tupu?

Kijana mmoja msomi ataniambia: lakini mashine zina mambo ya bahati pia. Nampa haki yake, kisha nimwonyeshe mifano mitatu.

Wa kwanza ni Windows 95, na baadaye Windows 98. Ziligunduliwa kuwa na tabia ya kuganda zikiachwa bila kuzimwa kwa siku 49 na saa kama 17. Watu wengi hawakuiona tabia hiyo, kwani mashine za siku hizo ziliganda kwa sababu nyingine kabla ya kufika huko. Chanzo kilikuwa hesabu tupu. Ndani kulikuwa na saa inayohesabu milisekunde, na daftari lake lilikuwa na nafasi ya kufika 4,294,967,295 tu. Ilipofika mwisho ilirudi sifuri, na programu zilizoitegemea zikapotea njia.

Wa pili uko karibu zaidi nasi. Diski ya kisasa iitwayo Crucial m4, isiyo na sahani inayozunguka, ilianza kuwasumbua watu mwaka 2011. Mashine zilifanya kazi vizuri kwa miezi, halafu zikaanza kuganda kila baada ya saa moja ya kuwashwa. Walipokusanya taarifa, ilionekana kwamba diski inakwama ikifikisha jumla ya saa 5,184 za kufanya kazi, yaani siku 216 ukiziunganisha. Aliyeiwasha mchana na usiku alifika huko mapema. Aliyeiwasha saa nane kwa siku angefika baada ya mwaka mmoja na miezi tisa hivi. Kwa kila mmoja peke yake ilionekana bahati mbaya. Ziliposhikwa hesabu, ikaonekana ni saa moja ileile kwa wote. Kampuni ikatoa marekebisho ya programu ya ndani ya diski Januari 2012, na tatizo likaisha bila kubadilisha kifaa.

Wa tatu ni wa bahati yenyewe. Katika uchaguzi wa Ubelgiji wa tarehe 18 Mei 2003, kwenye manispaa ya Schaerbeek mjini Brussels, mgombea mmoja alikutwa na kura 4,096 za ziada, nyingi kuliko alizoweza kupata kwa hesabu yoyote. Kompyuta huhesabu kwa mbili, na mbili ukiizidisha kwa yenyewe mara kumi na mbili unapata 4,096 kamili. Maana yake ni kwamba katika kumbukumbu ya mashine, alama moja tu iligeuka kutoka sifuri kuwa moja. Wataalamu hawakukuta kosa katika programu, na maelezo waliyobaki nayo ni chembe kutoka anga za juu iliyopiga kumbukumbu ile wakati ule.

Basi bahati ipo, lakini tazameni uhaba wake. Mwaka 2009 watafiti wa Google na wa Chuo Kikuu cha Toronto walitoa matokeo ya kuchunguza kumbukumbu za maelfu ya kompyuta kwa muda wa miaka. Kila mwaka, zaidi ya asilimia 8 ya vibao vya kumbukumbu vilionyesha kosa walau mara moja. Na walipochimba waliona makosa mengi ni ya vibao vilevile vinavyorudia, dalili ya ubovu wa kifaa kuliko ya chembe za angani. Mashine yako ikiganda mara moja katika mwaka, isamehe. Ikiganda mara mbili kwa wiki, acha kusingizia mbingu.

Daftari lenyewe

Chukua daftari la mtoto la kurasa thelathini na mbili, lifunge kwa kamba kwenye mguu wa meza. Chora safu tano: siku na saa, imewashwa tangu lini, nilikuwa nafanya nini, umeme ulikuwaje, na mashine ilifanyaje ilipoganda. Safu ya tano ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu kuna aina nne za kile tunachokiita kuganda, na kila aina ina njia yake.

Ikiganda, usikimbilie kitufe cha kuzima. Bonyeza kwanza kile kitufe cha herufi kubwa chenye alama ya kufuli, upande wa kushoto wa kibodi, na utazame kitaa chake. Kitaa kikiwaka na kuzimika unavyobonyeza, moyo wa mfumo bado unapiga. Kilichokwama ni programu moja, au diski inayochelewa kujibu. Kitaa kisipotii, kuganda kumefika chini kabisa, na mara nyingi hapo ni kifaa, joto, umeme, au programu endeshi ya kifaa fulani. Hiyo ni aina ya kwanza na ya pili. Aina ya tatu ni mshale kusogea vizuri huku kila unachobofya hakijibu, na taa ya diski imeng'ang'ania kuwaka: hapo mashine inangoja diski. Aina ya nne ni kuzima ghafla na kujiwasha yenyewe. Wengi huiita kuganda pia, lakini iandikeni mbali, kwa sababu mshukiwa wake wa kwanza ni umeme au joto.

Nimewachorea daftari la mfano. Jumatatu saa moja na nusu jioni: imewashwa kwa dakika ishirini, kuandika barua, taa ilipepesa, ikajizima. Jumatano saa mbili usiku: dakika kumi, kuangalia picha, jirani alikuwa anachomelea, ikajizima. Alhamisi mchana saa tatu nzima za kazi nzito: salama. Jumamosi saa moja jioni: ikajizima. Huhitaji kusomea ufundi kuona kwamba kazi nzito ya mchana haikuiua, na kazi nyepesi ya jioni iliiua. Joto limeondoka kwenye orodha, umeme umebaki. Daftari jingine linaweza kusema kinyume: asubuhi salama, alasiri inaganda baada ya saa moja, ikipumzishwa inarudi, na mwezi wa saba ni mbaya kuliko wa pili. Hilo limeandikwa na joto na vumbi.

Kabla ya yote, okoa kilichomo

Kabla hujafungua hata skrubu moja, nakili vitu vyako. Sote tunakumbuka tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura lilipoungua. Aliyekuwa na mali yote ndani ya kibanda kimoja alirudi nyumbani na funguo. Picha za harusi, vyeti, hesabu za duka na barua za madai ya kiwanja haziwezi kuachwa kwenye diski moja ndani ya mashine inayoumwa. Flashi moja kwako, na nakala ya pili nje ya nyumba, kwa ndugu au kwenye intaneti. Baada ya hapo hata ukikosea, utakuwa umepoteza mashine tu.

Mshukiwa wa kwanza: umeme

Umeme wetu mwingi ni wa maji. Una Rwegura huko Kayanza, yenye megawati 18 tangu mwaka 1986. Una Ruzizi tunayoitumia pamoja na Congo na Rwanda. Na sasa una Rusumo ya megawati 80, tunayoigawana na Rwanda na Tanzania. Kiangazi maji yanapungua, na jioni kila nyumba inawasha taa, friji, pasi na televisheni kwa pamoja. Umeme hapo haukatiki tu. Unashuka, unapanda, na unaruka.

Huo mruko ndio unaostahili kueleweka. Umeme wa ukutani unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde, yaani kila mzunguko ni milisekunde 20. Sanduku la umeme ndani ya kompyuta ya mezani limeundwa kuvumilia pengo la milisekunde 16 hivi na kuendelea. Kwa hiyo pengo la mizunguko miwili, ambalo jicho linaliona kama taa kupepesa tu, linatosha kuiangusha kompyuta. Sanduku likiwa limechakaa, uvumilivu wake ni mdogo zaidi. Ndiyo maana mtu anaapa kwamba umeme haukukatika, na anasema kweli, na bado umeme ndio mkosaji.

Fanyeni haya. Kompyuta ipewe prizi yake. Isichangie waya wa kuongezea na friji wala pasi. Umeme ukikatika, chomoa, na ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuchomeka, kwa kuwa unarudi kwa kishindo. Msichanganye stabilaiza na UPS. Stabilaiza inarekebisha umeme mkubwa au mdogo, lakini haizibi pengo. UPS ina betri inayoziba pengo, na betri hiyo katika joto la pwani ya Ziwa Tanganyika haiishi milele. Baada ya miaka mitatu au minne wengi wanabaki na sanduku zito lisilo na kazi. Kuijaribu ni rahisi: chomeka taa ya mezani kwenye UPS, uchomoe UPS ukutani, uone taa inabaki au inakufa.

Tahadhari moja kwa wanaonunua mashine za okazyo, yaani zilizokwisha tumika, zilizotoka Marekani. Nyuma ya masanduku mengi ya zamani kuna swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Hakikisheni inaonyesha 230 kabla ya kuchomeka. Ikiwa imebaki 115, mashine itakufa kwa mlio na moshi, na hapo hakutakuwa na daftari la kuandika.

Mshukiwa wa pili: vumbi na joto

Kompyuta ya Buyenzi inaishi maisha magumu. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa mvua ni haba, na vumbi la barabara linaingia hadi kwenye sukari. Changanyeni na moshi wa jiko la makaa na mvuke wa mafuta ya kukaangia, mnapata utando wa kijivu unaonata. Fungua ubavu wa mashine iliyokaa miaka mitatu sebuleni uone: kati ya feni na mapezi ya chuma ya kupozea prosesa kumefumwa kitu kinene kama blanketi, ukikivuta kinatoka kipande kizima. Feni inazunguka kwa nguvu zake zote na hewa haipiti.

Tena kuna vile vitambaa vya kufuma. Mama zangu, kitambaa cheupe juu ya kompyuta kinapendeza na kinazuia vumbi mashine ikiwa imezimwa. Ikiwashwa, kiondoeni, kwani kinaziba matundu ya kutolea joto. Na msiiweke ndani ya kabati lenye mlango, wala sakafuni inakofagiliwa.

Prosesa inapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza mwendo wake yenyewe, na ikizidi huzima ili isiungue. Vifaa vingine ubaoni, hasa kadi ya picha, havina hekima hiyo siku zote, vinaganda tu. Jaribio la bure ni hili: ondoa kifuniko cha ubavu, elekeza feni ya chumba ndani, fanya kazi yako ya kawaida siku kadhaa. Kuganda kukikoma, umempata mkosaji.

Usafishaji nao una adabu zake. Chomoa waya, gusa chuma cha boksi kwanza ili umeme wa mwilini ushuke, tumia brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kuona rangi, na shika mapanga ya feni yasizunguke unapoyapangusa. Najua kishawishi cha watu wa mtaa huu: kompresa ya gereji iko hatua kumi kutoka mlangoni. Iacheni. Hewa yake ina maji na mafuta, na nguvu yake inang'oa vitu vidogo. Na sanduku la umeme lenyewe msilifungue kamwe, hata likiwa limechomolewa, kwani linaweka umeme ndani wa kumuumiza mtu.

Mkiwa mmefungua, tazameni vile vimtungi vidogo vilivyosimama ubaoni. Kichwa cha kila kimoja kiwe tambarare. Kilichovimba, au chenye ukoko wa kahawia juu, kimekufa au kinakufa. Mashine nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilitengenezwa kwa vimtungi vibovu. Dell ilitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kushughulikia tatizo hilo katika mashine zake za OptiPlex. Fundi mzuri wa redio anaweza kuvibadilisha.

Diski na kumbukumbu

Diski inayokufa huanza kwa kuchelewa. Unafungua faili ileile, mashine inasimama. Unafungua nyingine, inakwenda. Ya sahani inaweza kutoa sauti ya tik, tik. Watafiti wa Google walitoa takwimu mwaka 2007 ambazo natamani kila fundi azibandike ukutani: diski iliyopatikana na kosa la kwanza la usomaji ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa. Kila diski huandika afya yake yenyewe, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo inakusomea. Ikionyesha sehemu mbovu zinazoongezeka, nakili na ubadilishe. Usianze kuipa matibabu marefu ya kuirekebisha kabla ya kunakili, maana matibabu hayo yanaweza kuimalizia. Lakini kabla ya kuihukumu, chomoa waya wake wa data na uurudishe, au weka mwingine. Waya ni rahisi kuliko diski.

Kumbukumbu, yaani RAM, ikiwa mbovu inaganda bila mpangilio wa kazi: leo kwenye muziki, kesho kwenye barua. Kitoeni kibao, futeni meno yake ya dhahabu kwa raba safi ya penseli, pangusa, rudisha hadi vishikizo vilie. Vikiwa viwili, tumieni kimoja kwa wakati, tena katika tundu lilelile. Kisha pimeni. Windows ina kipimo chake: bonyeza kitufe cha Windows na R, andika mdsched. Memtest86+ ni ya bure na kali zaidi. Iache ipime usiku kucha siku ambayo umeme una heshima. Kosa moja tu linatosha kukikataa kibao.

Wengine kumbukumbu yao ni nzima lakini ni ndogo. Gigabaiti 4, na kurasa ishirini za intaneti ziko wazi. Mashine inatumia diski kama kumbukumbu, na diski ni nzito. Fungeni kurasa kabla ya kumwita fundi.

Mwisho, programu

Nimeiweka mwisho makusudi, kwa sababu wengi huanzia hapo na kuishia hapo. Kipimo kinachotenganisha mwili na roho ni hiki: tengeneza flashi yenye mfumo wa Linux uitwao Ubuntu, washa mashine kwa flashi hiyo bila kugusa Windows, na uitumie siku nzima. Ikiganda hata hapo, tafuta ubovu kwenye vifaa. Isipoganda, shuku programu, au diski uliyoipumzisha.

Kwa upande wa programu, swali ni moja: nini kilibadilika kabla ya kuganda kuanza? Andika perfmon /rel kwenye kile kisanduku cha Windows na R, utaona kalenda ya makosa na ya vitu vilivyowekwa. Na kwenye kumbukumbu za matukio za Windows mtakutana na tukio liitwalo Kernel-Power 41. Hilo linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Halisemi nani aliizima, kwa hiyo msinunue sanduku la umeme kwa ajili yake. Walinzi wawili wa virusi ndani ya mashine moja hugombana. Bakini na mmoja. Na zile programu za kufungua Windows bila leseni, zinazokutaka kwanza umzime mlinzi, zinaingiza wageni ambao hamtawaona. Windows 10 nayo iliacha kupokea marekebisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyoweza kubeba Windows 11 inaweza kuishi vizuri na Linux.

Imepona au imenyamaza?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Umebadilisha kitu, mashine imekaa siku mbili bila kuganda, umeshukuru, umelipa. Lakini daftari linasema ilikuwa ikiganda mara moja kwa siku tatu. Siku mbili za kimya hazijathibitisha chochote.

Kanuni ninayowaachia ni hii: subiri mara tatu ya muda wa kawaida kati ya kuganda na kuganda. Kama ilikuwa kila siku tatu, subiri tisa. Hesabu ya uwezekano inasema hivi: mashine ambayo haijapona, ikiwa inaganda kwa wastani huo, ina nafasi kama 37 katika 100 ya kukaa siku tatu kimya kwa bahati tu. Siku tisa, nafasi hiyo inashuka hadi kama 5 katika 100. Hiyo ndiyo tofauti ya kudhani na kujua. Na badilisheni kitu kimoja kwa wakati. Ukisafisha vumbi, ukabadilisha RAM na kuweka Windows upya siku moja, hata ikipona hujui dawa ilikuwa ipi, na ikiugua tena unaanza sifuri.

Kwa vijana mnaotengeneza mashine za watu: mpeni mteja kifaa kibovu mlichokitoa, akione kwa macho. Mwambieni tarehe ya mwisho ya kungoja, na malipo ya pili yawe siku hiyo. Fundi anayefanya hivyo hahitaji kibao cha matangazo. Na kwa wateja: fundi akikuambia urudi nayo nyumbani uiangalie siku tisa, hajakukwepa. Amekuheshimu.

Kuna siku pia ya kuacha. Matengenezo yakifika nusu ya bei ya mashine ya okazyo iliyo nzima, ichinjwe: toa diski, toa RAM, toa feni, viendelee kuhudumia wenzake.

Basi nendeni kwa mpangilio wa gharama: kunakili na kuandika havina bei; prizi, brashi na raba ni senti; vipimo vya programu ni usiku mmoja wa umeme; waya wa data ni kidogo; na kifaa kipya kije mwisho, kikiwa na jina la mkosaji lililothibitishwa. Nimefurahi kuwaona vijana wa kike wengi hapa wakiandika kuliko wa kiume. Hao ndio mafundi ninaowatabiria mtaa huu. Maswali sasa, na tuanze na wazee.